Mafuta Yanayopotea Chini ya Pikapu

Jioni ya tarehe 14 ya kila mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta, na kufikia asubuhi mabango ya vituo yamebadilishwa tarakimu. Bomba la mafuta limefika Kisumu tangu 1994 na mji una bohari yake, lakini dizeli hapa bado ni ghali kuliko Mombasa inakoshushwa melini, kwa kuwa mnunuzi ndiye anayelipia safari yote ya kuipandisha bara. Septemba 2023 lita moja ilivuka shilingi 200 jijini Nairobi kwa mara ya kwanza. Miezi miwili kabla ya hapo, VAT ya mafuta ilikuwa imetoka asilimia 8 ikawa 16. Julai 2024 tozo ya kutengeneza barabara nayo ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita.

Mtaani Migosi, hapa Kisumu, tarakimu hizo zina watu wake. Ni wenye pikapu kuukuu: Hilux, Isuzu, Nissan na Mitsubishi za usajili wa KA, ule ulioanza 1989 na kudumu hadi KB zilipoingia mwaka 2007. Asubuhi zinabeba saruji na mabati hadi kwenye nyumba zinazojengwa kuelekea Mamboleo na Riat. Mchana zinarudi na mchele wa Ahero au samaki wa fuo za Bondo. Jumapili ziko sokoni Kibuye. Nyingi ni 4x4, na si kwa mapambo. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano ukilowa, gari linalovuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake hulala shambani mpaka jua lirudi. Tena nchi hii hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hivyo mwenye Hilux ya 1996 hawezi kuagiza nyingine ya rika lake kutoka Japani. Anayo hiyo hiyo. Na kila anapotoka kituoni anauliza: nitie nini ili ipunguze kunywa?

Swali hilo linatafuta jibu mahali lisipo. Hilux iliyokuja na injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo wala kompyuta, ilitoka kiwandani na kiwango chake cha unywaji, na hakuna chupa ya dukani itakayokishusha kwa kiasi cha kuonekana mfukoni. Lakini pikapu tunazoendesha leo haziko tena kwenye kiwango hicho. Unywaji umepanda polepole, kwa miaka, kila mara kwa sababu ya kitu kidogo kilichofanywa kwa dharura na kikaachwa hivyo: waya wa breki uliokwama, thamostati iliyotupwa, feni iliyokazwa kwa bolti. Mafuta ya kuokoa yako hapo, na si haba. Kazi ni kulirudisha gari pale lilipokuwa.

Kabla ya kumwita fundi, pima. Wenye magari wengi hawajui pikapu zao zinakwenda kilomita ngapi kwa lita. Wanajua tu kwamba mafuta ya elfu mbili hayafiki jioni kama zamani. Jaza tenki mpaka bomba la kituo likatike lenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, fanya kazi zako za kawaida mpaka tenki ipite nusu kushuka, kisha rudi kituo kile kile, pampu ile ile ikiwezekana, ujaze mpaka likatike tena. Lita zilizoingia mara hii ndizo ulizotumia. Gawa kilomita kwa lita. Rudia kwa wiki kadhaa, maana safari moja yenye mzigo mzito au foleni ya Kondele inaweza kukupotosha. Mshale wa mafuta kwenye gari la miaka 30 usiutegemee kabisa.

Pikapu ya dizeli ya aina hii ikiwa nzima, na mzigo wa wastani, hukaribia kilomita 10 kwa lita. Tuseme yako inatoa 7, unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, na lita ni shilingi 170. Utanunua lita 214. Kama ingetoa 10 ungenunua 150. Tofauti ni lita 64, karibu shilingi 11,000 kila mwezi. Migosi hiyo ni kodi ya nyumba ya mtu.

Katika kupima kuna mtego mmoja. Hilux nyingi za miaka ya 1990 zilikuja na tairi za 205R16, ambazo kipenyo chake ni kama milimita 743. Siku hizi utaona nyingi zimevalishwa 265/75R16, zenye kipenyo cha milimita 804 hivi. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na dashibodi haina habari hiyo. Gari likitembea kilomita 108, huandika 100. Mwenye gari anaona unywaji umepanda kuliko ulivyopanda kweli, na pampu ya injini isiyo na kosa inafunguliwa bure. Linganisha kilomita za dashibodi na zile za ramani ya simu kwenye safari ndefu moja, upate kiasi cha kurekebisha hesabu. Si kwamba tairi hizo hazina gharama. Ni nzito, zinaliinua gari kwenye upepo, na zinaifanya kila gia kuwa ndefu kuliko injini ilivyokusudiwa kuvuta, hata mlima uliokuwa wa gia ya nne unakuwa wa gia ya tatu. Kwa mtu ambaye siku nyingi yuko kwenye lami, tairi za kiasi zilizojazwa upepo kulingana na kibandiko cha mlangoni, zikapimwa asubuhi kabla hazijapata moto, zinamfaa zaidi.

Baada ya hesabu, mkono. Katika gereji moja ya hapa Migosi nilimwona fundi akipokea Hilux iliyoletwa kwa madai kwamba pampu imechoka. Hakufungua boneti. Aliuliza imetoka wapi, akaambiwa Ahero, kwa lami, bila kusimama sana. Akainama kwenye gurudumu moja baada ya jingine, akikaribisha kiganja kwenye rimu.

"Jaduong', leta mkono hapa," alimwambia mwenye gari. "Taratibu, usishike."

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa la moto kiasi kwamba mzee aliurudisha mkono kabla haujafika. Mengine matatu yalikuwa vuguvugu. Fundi akapiga jeki, akatoa gia, akashusha breki ya mkono, akalisukuma gurudumu kwa nguvu. Likazunguka nusu, likasimama. Lile la kulia lilizunguka lenyewe mara kadhaa kabla ya kutulia. Ngoma ilipofunguliwa, matope ya Kano yalikuwa yamekaukia ndani ya ala ya waya wa breki ya mkono, na waya haurudi. Kiatu kimoja cha breki kilikuwa kimeng'aa kama kioo.

"Umekuwa ukitembea huku umeshika breki," fundi akasema. "Dizeli ndiyo imekuwa ikilipa."

Kisha akaenda mbele. Kwenye pikapu hizi, katikati ya kila gurudumu la mbele kuna habu yenye kitufe cha kuzungushwa kwa vidole, chenye alama mbili: LOCK na FREE. Zote mbili zilikuwa LOCK.

"Hizi umezifunga tangu lini, jaduong'?"

"Tangu mvua, omera. Sijui itakuja tena lini."

Wengi hufanya hivyo, na sababu yao inaeleweka: hakuna anayetaka kushuka kwenye matope usiku kuzungusha habu. Lakini habu zikiwa zimefungwa, hata kama kiwiko cha gia kiko H2, yaani kuvuta kwa nyuma peke yake, magurudumu ya mbele yanazungusha akseli zake, gia za difu ya mbele zikivuruga oili nzito, pamoja na propela inayorudi hadi katikati ya gari. Vyuma vyote hivyo vinazunguka bila kuvuta chochote. Kinachopotea si kikubwa kama cha breki iliyokwama, ila hupotea kila kilomita, mwaka mzima. Zikiwa FREE, magurudumu ya mbele yanajizungukia peke yake. Rudisha FREE kila utokapo kwenye matope. Usizisahau moja kwa moja, kwa kuwa difu ya mbele isiyozungushwa hukauka oili kwenye gia na sili zake. Toyota hushauri kutembea kama kilomita 16 kila mwezi kwa magurudumu yote manne. Fanya hivyo kwenye murramu au udongo. Kwenye lami kavu, H4, yaani kuvuta kwa yote manne, hulazimisha mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi moja ilhali kwenye kona magurudumu ya mbele yana njia ndefu zaidi, na kwa kuwa hakuna difu ya katikati ya kusuluhisha, gari zima linajikaza, mafuta yanakwenda na gia zinakatika meno. Ukiona mtu anakata kona mjini na tairi za mbele zinaruka ruka, mwambie.

Sasa fungua boneti, na mahali pa kwanza pa kutazama pasiwe pampu. Tazama pale bomba la juu la rejeta linapoingia kwenye injini. Ndani ya kichwa hicho cha chuma kuna thamostati, mlango mdogo unaobaki umefungwa mpaka maji yafike takriban digrii 80. Kazi yake ni kuiwahisha injini kupata joto na kuishikilia hapo. Kisumu ina jua, na kila gari kuukuu limewahi kuchemka. Likichemka barabarani, fundi wa dharura anang'oa thamostati, anarudisha kifuniko, maji yanapita moja kwa moja, gari linapoa. Mwenye gari anashukuru, analipa, anaondoka. Hairudishwi tena.

Dizeli haipendi injini baridi. Mafuta yanapopulizwa ndani ya chumba kisicho na joto la kutosha hayaungui yote, na oili ikiwa nzito pistoni zinahangaika kuipasua. Pikapu inayofanya safari fupi fupi kati ya Migosi, Kibuye na mjini inaweza kumaliza siku nzima bila kufika joto lake la kazi. Mshale wa joto unaokaa chini kabisa watu huusoma kama habari njema, kumbe ni dalili. Thamostati mpya si kitu ghali. Ila usiirudishe kabla ya kumaliza kilichosababisha kuchemka, maana mara nyingi ni rejeta iliyozibwa kwa kutu na maji ya mfereji, au kifuniko cha rejeta kisichoshika presha.

Jirani yake ni feni. Feni ya Hilux haikufungwa moja kwa moja kwenye injini. Katikati kuna klachi yenye mafuta ya silikoni, inayoiacha feni iteleze injini ikiwa baridi na kuikamata joto likipanda. Klachi hiyo ikichoka, dawa ya mtaani ni kuikaza kwa bolti ili feni izunguke sawasawa na injini wakati wote. Upepo unakuwa mwingi, na kelele zake utazisikia kabla gari halijakunja kona. Kelele hiyo ni kazi, na kazi hiyo inafanywa na dizeli, hata asubuhi ya baridi, hata kwenye barabara ya Kakamega ambako upepo wa mwendo peke yake ungeitosha rejeta.

Tumefika kwenye moshi. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo, na kwa injini hizi jambo hilo linahitaji kueleweka vizuri. Gari la kisasa lina kifaa cha kupima hewa inayoingia, na kompyuta hupunguza mafuta hewa ikipungua. Pampu ya 3L haipimi hewa. Inatoa mafuta kulingana na mguu wako na mzunguko wa injini, basi. Filta ya hewa ikijaa vumbi la murramu, hewa inapungua lakini mafuta yanabaki yale yale, na ziada inatoka nyuma ikiwa masizi. Ndiyo maana filta chafu inaumiza pikapu hii kuliko inavyoumiza gari jipya la petroli. Ukanda wetu nao una lake: Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyembamba kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Mombasa. Ukipanda kuelekea Timboroa, kwenye zaidi ya mita 2,700, inapungua zaidi. Pampu iliyopangwa kwa hewa ya pwani tayari inatoa mafuta mengi kidogo kuliko hewa yetu inavyoweza kuunguza.

Juu ya hayo anakuja fundi wa "kuongeza nguvu". Nyuma ya pampu kuna skrubu ya kiwango cha juu cha mafuta, ambayo kiwanda huifunga kwa sili. Akiizungusha kidogo, gari linapata mbio, mwenye gari anafurahi, na ukuta wa moshi unabaki nyuma yake kila anapopanda Riat. Kama sili ya pampu yako imevunjwa na moshi ni mweusi wakati wote wa kupanda, hapo ndipo pampu inastahili kupelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kuipangia, wapange kwa vipimo vya kitabu.

Nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini, ni kazi nyepesi zaidi na malipo yake ni mazuri. Karakana ya dizeli huwa na kifaa cha mkono: nozeli inafungwa juu, fundi anasukuma mpini, mshale wa presha unapanda, kisha nozeli inafunguka. Simama utazame, ni haki yako. Nzima hutoa ukungu mwembamba wenye umbo moja, ikikwaruza kwa sauti kali, halafu inakatika na ncha inabaki kavu. Iliyochoka inatema uzi wa mafuta upande mmoja, na matone yanabaki yakining'inia. Kila tone hilo ndani ya injini linaungua baada ya wakati wake, au haliungui. Mikono iwe mbali: dizeli ya presha ile hupenya ngozi, na jeraha lake linaonekana dogo huku likiua nyama ndani.

Ubora wa mafuta yenyewe hauepukiki. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko dizeli, na wachuuzi wasio waaminifu waliyachanganya. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo. Nalitaja kwa sababu pampu za aina hii hazina oili yao. Dizeli inayopita ndani ndiyo inayozilainisha, na mafuta ya taa ni makavu. Atakayeuziwa mtungi wa bei ya kutupa gizani atalipa pampu nzima.

Yanayobaki juu ya gari ni mepesi kuyaeleza. Shusha keria ya paa kama huna cha kufunga juu yake. Toa vyuma, minyororo na mifuko ya mchanga iliyosahaulika kwenye bodi. Mlango wa nyuma wa bodi uache umefungwa. Imani kwamba kuushusha kunapunguza upepo imejaribiwa mara nyingi huko nje na ikaonekana kinyume, kwa sababu ukiwa umefungwa hewa hutuama ndani ya bodi na upepo wa juu unateleza juu yake. Mwendo wa kilomita 100 kwa saa una upinzani wa upepo unaozidi ule wa 80 kwa zaidi ya nusu, na pikapu ina sura ya kabati mbele ya upepo.

Kuna tabia moja ya uendeshaji ambayo ningependa itoke kabisa: kuteremka gari likiwa fri. Dereva anatoka Kericho na mzigo, anaona mteremko wa kuja Kano, anatoa gia akidhani anaokoa mafuta. Kwa dizeli hizi ni kinyume. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeondoka kwenye mafuta, gavana wa pampu hufunga dizeli kabisa, na magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Likiwa fri, injini lazima inywe ili isizime. Dereva anatumia mafuta zaidi, na breki peke yake zinabeba uzito wote mpaka zinaungua. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, malori yaliyoteremka hivyo yaliua watu mwaka baada ya mwaka, hadi serikali ikalazimika kutenganisha njia za kupanda na za kushuka. Shuka kwa gia uliyopandia.

Na zile chupa, sumaku za kufunga kwenye mrija na vidonge vya tenki? Shirika la serikali la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa na dawa za aina hiyo zaidi ya mia tangu miaka ya 1970, na vilivyoonyesha nafuu yoyote ni vichache sana, tena nafuu ndogo. Bei ya chupa moja inatosha filta ya hewa.

Lipo jambo la pesa kati ya mwenye gari na fundi, nalo ndilo linalokwamisha haya yote. Gereji zetu nyingi hulipwa kwa kipuri kilichobadilishwa. Fundi akishinda saa mbili akigusa magurudumu, akizungusha ngoma na kutazama thamostati, halafu akakuambia hakuna cha kununua ila waya wa breki wa bei ndogo, anaondoka na pesa ya chai. Akisema pampu imekufa, anapata kazi ya siku tatu. Tunalalamika kwamba mafundi wanabahatisha, ilhali hatulipii kutazama. Unapopeleka pikapu yako, patana naye kwanza bei ya ukaguzi peke yake, iwe atakuta ubovu au hatakuta, na umpe karatasi yako ya kilomita na lita. Mwambie akague magurudumu yote manne, habu, mfumo wa maji, feni na filta kabla hajagusa pampu wala nozeli. Mlipe siku hiyo hiyo. Waya, thamostati na filta ukanunue mwenyewe, umletee avifunge, kisha jaza tenki mpaka bomba likatike na uanze kuandika upya.